Kitabu cha Kwanza cha Programu Sambamba: Tukichague kwa Kipimo Gani?

(Mhadhara kwa walimu, wakutubi na wanafunzi wa sayansi ya kompyuta)

 Waandaaji wa mhadhara huu walinipendekezea nizungumzie mustakabali wa kompyuta barani Afrika. Niliwaomba wanipunguzie mzigo, kwa sababu mada ya ukubwa ule humruhusu mzungumzaji kusema lolote akaondoka bila kudaiwa, nami nataka kudaiwa. Kwa hiyo nitazungumzia kitabu, tena kimoja: kile atakachopewa mwanafunzi wa mwaka wa tatu siku ya kwanza ya somo la programu sambamba.

Madhumuni yangu ni kuzisaidia idara zinazoandaa mtaala wa somo hili kuchagua kitabu cha kiada. Kila mkutubi aliye hapa anajua kwamba orodha ya manunuzi hufungwa kabla mtaala haujakamilika, na kwamba fedha hutosha nakala chache. Ukichagua vibaya, kitabu kinakaa rafuni miaka kumi na jalada lake likiwa bado jipya. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayeupinga aanze kuandaa swali. Kitabu cha kwanza ni kile kinachomfanya mwanafunzi, ndani ya wiki za mwanzo, aendeshe programu kwenye mashine aliyonayo, aione ikitoa jibu la uongo, na aupime muda wake. Umaarufu wa waandishi, unene wa kitabu na kina cha nadharia nitavitazama baada ya hayo matatu.

Pengine yupo anayejiuliza kama somo lenyewe linamhusu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwandishi wa programu aliyetaka kasi aliweza kusubiri tu. Prosesa ya mwaka uliofuata ingeiendesha programu ileile upesi zaidi bila yeye kugusa hata mstari mmoja. Joto ndilo lililoifunga njia hiyo: kadiri mapigo ya prosesa yalivyoongezwa, umeme iliokula na joto ililotoa vilizidi uwezo wa feni kuipoza. Mwaka 2004 Intel iliufuta mradi wa prosesa iliyoitwa Tejas, iliyokusudiwa kuirithi Pentium 4, ikageukia kuweka viini viwili ndani ya prosesa moja. IBM ilikuwa imetangulia. POWER4 yake ya mwaka 2001 ilikuwa na viini viwili tayari. Leo simu ya bei ya kawaida iliyo mfukoni mwa kijana aliyeketi pale nyuma huenda ina viini vinane. Hesabu iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani itakitumia kimoja na kuviacha saba vikae. Somo lililokuwa la wanafizikia wachache wenye mashine za mamilioni ya dola sasa ni la kila anayeandika programu.

Hoja ya kwanza: Tujue tunafundisha somo lipi

Vitabu vinavyopangwa pamoja chini ya kichwa hiki havifundishi kitu kimoja. Kuna tatizo la kazi moja kubwa tunayotaka iishe mapema, kwa hiyo tunaigawa. Mfano ni utabiri wa hali ya hewa. Mfumo wa WRF, unaotumiwa na taasisi nyingi za hali ya hewa duniani, huigawa ramani ya anga vipande vipande. Kila mchakato hupewa kipande chake, na majirani hupelekeana taarifa za mipakani kila hatua ya hesabu. Utabiri wa kesho unaokamilika keshokutwa haumfai mvuvi wala rubani, na ndiyo maana kazi inagawanywa.

Kuna tatizo la pili, la kazi nyingi ndogo zinazotokea kwa wakati mmoja na kugusa kitu kimoja. Mteja anatoa pesa kwa wakala Kariakoo katika sekunde ileile ambayo mkopo wake unakatwa kwenye akaunti hiyohiyo. Hapa kasi si shida ya kwanza. Tunachotafuta ni salio lisilovurugika.

Matatizo haya mawili ni ndugu, yanatumia zana nyingi zilezile, na ndiyo sababu watu huyachanganya. Lakini vitabu vyake ni tofauti. The Art of Multiprocessor Programming cha Maurice Herlihy na Nir Shavit, kilichotoka mwaka 2008, kimesimama zaidi upande wa pili. Kinaanza na kisa cha majirani wawili, Alice na Bob, wenye uwanja mmoja. Huyu ana paka, yule ana mbwa, na wanyama hao hawaivi chungu kimoja. Kutoka kwenye kisa hicho waandishi wanapanda hadi kwenye uthibitisho wa kihisabati wa kipi kinaweza kujengwa kwa kutumia kipi. Mimi binafsi nakipenda mno. Hata hivyo, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kuharakisha hesabu ataimaliza sura ya saba akizijua kufuli za kila namna na akiwa hajaharakisha kitu. Cha Brian Goetz na wenzake kuhusu Java, cha mwaka 2006, nacho ni cha upande huohuo, ila kimeandikwa kwa ajili ya watu walio kazini. Idara inayowaandaa vijana kwa ajili ya programu za benki na kampuni za simu ikichagua cha Goetz, sitabishana nayo. Kuanzia hapa nazungumzia tatizo la kwanza, la kugawa kazi ili iishe mapema.

Hoja ya pili: Mashine iliyopo maabara

Fundi wa maabara ndiye mtu wa kuulizwa kwanza, na kwa kawaida ndiye anayeulizwa mwisho. Kompyuta zina viini vingapi? Ni viini halisi, au mashine inasema vinane kwa sababu kila kimoja kati ya vinne kinajionesha mara mbili? Zina kadi ya michoro ya NVIDIA? Zinaunganishwa na mtandao wa ndani usiokatika kila mvua ikinyesha?

Majibu yake yanapunguza orodha ya vitabu kwa nusu. Kitabu cha David Kirk na Wen-mei Hwu kuhusu prosesa zenye viini maelfu, kilichotoka mwaka 2010 na kufikia toleo la nne mwaka 2022, ndicho mwalimu bora ninayemfahamu wa CUDA, njia ya kuandika programu za kadi za michoro. Sura zake za mwanzo zinaeleza kwa uvumilivu jinsi nyuzi, yaani mifuatano ya amri inayoendeshwa kwa pamoja ndani ya programu moja, zinavyopangwa kwa makundi na kwa nini mpangilio wa data kwenye kumbukumbu huamua kasi. Lakini CUDA ni ya kadi za NVIDIA peke yake. Mtanijibu kwamba zipo huduma za mtandaoni zinazoazimisha kadi hizo bure kwa saa chache. Ni kweli, na mwanafunzi mwenye bando la kutosha azitumie. Somo zima nisingelijenga juu yake. Siku ya jaribio la darasa mtandao ukilala, mwalimu anabaki kuwaonesha wanafunzi picha za programu zikifanya kazi kwa mwingine.

Kwa upande mwingine, OpenMP, njia ya kugawia nyuzi kazi ya programu moja, iko tayari ndani ya kompaila ya GCC. Unaongeza neno moja kwenye amri ya kukompaili. MPI hupatikana bure kwa njia ya Open MPI au MPICH, na watu wengi hawajui kwamba haidai klasta. Laptopu moja ya viini vinne inaendesha michakato minne inayotumiana ujumbe kama vile kila mmoja uko kwenye mashine yake. Mwanafunzi anaweza kuandika programu sebuleni kwao, na siku chuo kitakapopata klasta programu ileile itafanya kazi huko. Sioni sababu ya kusubiri kompyuta kuu ndipo somo lianze.

Hoja ya tatu: Kitabu kioneshe programu ikikosea, na kipime muda

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo vitabu vinapoachana.

Chukua zoezi jepesi kuliko yote. Nyuzi mbili zina kihesabio kimoja, na kila uzi unakiongeza moja, mara milioni moja. Mwanafunzi anatarajia milioni mbili. Anaendesha, anapata pungufu. Anaendesha tena, anapata pungufu ya namna nyingine. Sababu ni kwamba ule mstari mmoja wa kuongeza moja, kwa mashine, ni hatua tatu: soma thamani kutoka kumbukumbu, ongeza, rudisha. Uzi wa kwanza unasoma 57. Kabla haujarudisha 58, wa pili nao unasoma 57. Zote mbili zinaandika 58, na nyongeza moja imepotea bila kilio. Kompaila haikulalamika na programu haikuanguka. Tena, ukiwasha maboresho ya kompaila, kompaila inaweza kuukusanya mzunguko wote kuwa nyongeza moja ya milioni, na siku hiyo jibu likatoka sahihi kwa bahati. Mwanafunzi aliyeona jibu sahihi mara moja ataapa kwamba programu yake ni nzima.

Anayedhani haya ni mambo ya darasani akumbuke tarehe 14 Agosti 2003, umeme ulipokatika kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, watu wapatao milioni 50 wakakaa gizani. Mojawapo ya sababu zilizobainika ni kwamba mfumo wa tahadhari katika chumba cha udhibiti cha kampuni ya umeme huko Ohio ulikuwa umenyamaza kwa zaidi ya saa moja bila wahudumu kujua. Chanzo cha ukimya huo kilikuwa kosa la aina hii hii: sehemu mbili za programu ziliigusa data moja kwa wakati mmoja, katika mpishano wa nadra ambao majaribio hayakuwa yameukamata.

Kwa hiyo nikifungua kitabu kinachopendekezwa, naangalia ni mapema kiasi gani kinampeleka msomaji kwenye kosa kama hilo na kumwacha alione. Vipo vinavyompa mwanafunzi programu sahihi tangu ukurasa wa kwanza, kufuli zikiwa mahali pake, halafu vinamweleza kwa aya mbili kwamba bila kufuli kungetokea hatari. Mwanafunzi anaweka alama ya tiki na kuendelea, na hatari yenyewe hajaiona.

MPI nayo ina mtego wake, na ndio ninaoutumia kupima kitabu. Michakato miwili, kila mmoja unamtumia mwenzake ujumbe kwanza, kisha unapokea. Ukijaribu kwa namba kumi, inafanya kazi. Kwa namba milioni moja, programu inaganda: kila mmoja anasubiri mwenzake apokee kwanza. Ujumbe mdogo ulikuwa unahifadhiwa njiani na maktaba ya MPI, hivyo mtumaji akaruhusiwa kuendelea. Ule mkubwa haukupata nafasi. Kiwango cha MPI hakiahidi hifadhi hiyo, kwa hiyo programu ilikuwa mbovu tangu ilipokuwa ikifanya kazi. Peter Pacheco, katika An Introduction to Parallel Programming cha mwaka 2011, anaufikia mtego huu akiwa anafundisha kupanga namba kwa njia ya kubadilishana kati ya majirani, anaeleza kwa nini programu kama hiyo si salama, na anampa msomaji njia ya kuijaribu. Nilipoiona sehemu hiyo nilianza kumwamini.

Sasa tuje kwenye muda. Mwanafunzi mwenye programu sambamba asiyeupima muda wake hajui kama amefanya chochote. Na kupima kwenyewe kuna hila. Wengi huifikia kazi ya C iitwayo clock kwa kuwa ndiyo waliyofundishwa mwaka wa kwanza. Kwenye Linux kazi hiyo hujumlisha muda wa prosesa uliotumiwa na nyuzi zote. Nyuzi nne zikifanya kazi sekunde mbili mbili, inasema nane. Mwanafunzi anaona programu yake haijaharakishwa hata kidogo, kumbe saa ya ukutani inasema sekunde mbili. Pacheco anaonya kuhusu kazi hiyo mapema, kwenye sura ya pili, kabla msomaji hajaandika programu yake ya kwanza ya MPI. Vitabu vinene zaidi ya chake huipita.

Kisha kuna kanuni ya Gene Amdahl ya mwaka 1967, ambayo kila kitabu kinayo na si kila kitabu kinaifanya iume. Walio na asili ya pwani wataielewa haraka. Kwenye shughuli ya harusi, wapishi kumi humenya vitunguu na kukuna nazi mara kumi upesi zaidi ya mmoja. Lakini sufuria ya pilau ikishapaliwa mkaa juu, hata uite wapishi mia, mchele utaiva kwa muda wake. Kwa tarakimu: ikiwa asilimia 90 ya kazi inagawanyika, viini vinne vitakupa kasi ya mara 3.08, vinane vitakupa 4.7, na hata ukiwa na viini milioni hutafika mara 10. Mwanafunzi akiisoma kanuni hiyo ubaoni anaikariri. Akiiona kwenye jedwali la vipimo vyake mwenyewe, grafu ikianza kulala baada ya kiini cha tatu, anaanza kuitafuta ile asilimia 10. John Gustafson alijibu mwaka 1988 kwamba tukipewa mashine kubwa huwa tunaongeza ukubwa wa tatizo pia, na sehemu isiyogawanyika hupungua kwa uwiano. Wote wawili wana haki, na kitabu kinachomtaja mmoja tu kinamdhulumu msomaji.

Nitaongeza mfano mmoja wa Pacheco, samahani kwa wale wanaotaka kuwahi magari. Anazidisha matriksi kwa vekta katika maumbo matatu: safu mlalo milioni nane kwa safu wima nane, elfu nane kwa elfu nane, na nane kwa milioni nane. Idadi ya mazidisho ni ileile milioni 64 katika yote matatu. Ufanisi wa nyuzi nne haulingani, na umbo la mwisho ndilo linaloaibika zaidi. Katika umbo hilo matokeo ni namba nane tu, ambazo zinaweza kukaa zote kwenye mstari mmoja wa kache wa baiti 64. Kila uzi unaandika namba yake mwenyewe, hakuna unaogusa ya mwingine, na jibu ni sahihi. Lakini prosesa husafirisha kumbukumbu kwa mstari mzima, kwa hiyo viini vinanyang'anyana mstari huo mchana kutwa. Hapo mwanafunzi anajifunza kwamba programu inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isifae.

Hoja ya nne: Zana hufa

Mwaka 1995 Ian Foster alitoa Designing and Building Parallel Programs, ambacho kimewekwa mtandaoni bure. Sehemu yake ya zana inafundisha lugha mbili za kupanua C++ na Fortran ambazo leo hazina watumiaji, inafundisha High Performance Fortran ambayo watu waliiacha, na inafundisha MPI, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja. Kati ya nne imebaki moja. Lakini njia yake ya kubuni programu kwa hatua nne, yaani kuigawa kazi vipande, kutambua mawasiliano, kuvikusanya vipande vidogo kuwa vikubwa, na kuvipangia prosesa, haijazeeka. Michael Quinn aliichukua njia hiyo na kukijengea kitabu chake cha MPI na OpenMP, kilichotoka mwaka 2003.

Michael McCool, Arch Robison na James Reinders walitoa mwaka 2012 kitabu kizuri cha mifumo inayojirudia katika programu sambamba, wakatumia zana za Intel, mojawapo ikiwa Cilk Plus. Intel ikaiacha Cilk Plus, na mwaka 2018 ikaondolewa kwenye toleo la nane la GCC. Mwanafunzi akikopa kitabu hicho leo, sehemu ya mifano haitakompaili kwenye mashine yake. Mwalimu mzoefu atapata hazina humo. Anayeanza atadhani kosa ni lake.

Ushauri wangu kwa wakutubi ni mfupi: kwa kitabu cha kwanza, nunueni kinachotumia zana zinazosimamiwa na kamati ya wengi. MPI ilitoa kiwango chake cha kwanza mwaka 1994, na programu za C za wakati huo, kwa marekebisho madogo, bado zinaendeshwa. OpenMP imekuwepo tangu 1997. Nyuzi za POSIX (Pthreads) tangu 1995. Kitabu cha zana ya kampuni moja kiwe cha pili.

Hoja ya tano: Lugha na maandalizi

Hoja hii ni fupi, ila ndiyo inayowaangusha wanafunzi wengi. Vitabu nilivyovitaja kwa sifa vinatumia C, na vijana wetu siku hizi huingia mwaka wa tatu wakiwa na Python au Java. Kuna wanaosema tufundishe usambamba kwa Python moja kwa moja. Python ya kawaida ina kufuli kuu linalozuia nyuzi mbili kuendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilikuja na namna ya majaribio isiyo na kufuli hilo. Ni habari njema, lakini kwa somo la kwanza nataka mwanafunzi aione kumbukumbu ilivyo, na Python inaificha. Wapeni wiki mbili za vielekezi na safu za C kabla ya kufungua kitabu. Mwalimu atakayezibana wiki hizo mbili atazilipa katikati ya muhula, wanafunzi watakapokuwa wanapambana na C na usambamba kwa pamoja.

Hukumu

Mtakuwa mmeshajua ninakokwenda. Kwa darasa letu, kwa mashine zetu, kitabu cha kiada kiwe cha Pacheco. Toleo la pili, aliloliandika pamoja na Matthew Malensek, limeongeza sura ya CUDA, nalo ndilo la kununua fedha ikiruhusu. Toleo la kwanza, lenye MPI, Pthreads na OpenMP, linatosha likipatikana kwa bei nafuu.

Kina mapungufu. Hatua zake ni za taratibu kiasi kwamba mwanafunzi mwepesi atachoka. Ile njia ya trapezi ya kukokotoa eneo chini ya mchirizo inatokea kwa MPI, kisha tena kwa OpenMP. Mimi naona kurudia huko kuna faida, kwa sababu tatizo likiwa lilelile tofauti inayoonekana ni ya zana peke yake. Upungufu mkubwa zaidi ni upande wa algoriti. Msomaji atakimaliza akijua kuharakisha programu aliyonayo, bila kujua sana namna ya kubuni algoriti sambamba tangu mwanzo. Hapo ndipo kinapoingia kitabu cha Grama, Gupta, Karypis na Kumar, toleo la pili la mwaka 2003, chenye kurasa zaidi ya 600. Kinamfundisha msomaji kukadiria ni kiasi gani tatizo linapaswa kukua ili ufanisi usishuke mashine inapoongezeka. Walimu wengi hukitumia kama cha kwanza, na najua wapo humu ndani. Ninawaheshimu, lakini nimeona hesabu za gharama za mawasiliano kwenye mtandao wa umbo la mchemraba zinavyomkatisha tamaa mtu ambaye hajawahi kuziona nyuzi mbili zikigombania kihesabio. Nakala mbili za kitabu hicho zitoshe, ziwe za kusomea maktabani, na mwalimu awe na yake.

Kwa wasio na fedha kabisa, vipo vya bure na halali. Victor Eijkhout wa Texas ameweka wazi vitabu vyake vya MPI na OpenMP na vya hesabu za kisayansi. Allen Downey ana kijitabu cha semafori ambacho kinaweza kumtoa mwanafunzi jasho kwa mafumbo tu. Paul McKenney, mtaalamu wa kiini cha Linux, ana kitabu kirefu kinachouliza kwenye jalada kama programu sambamba ni ngumu na kama kuna dawa. Hicho kisomwe na waliokwisha kuumia. Ucheshi wake hauwezi kueleweka kabla ya hapo.

Tuendako

Mwenyekiti ananionesha saa, kwa hiyo niseme yaliyo mbele yetu kisha nikae.

Kompyuta ya Frontier huko Oak Ridge ilitangazwa mwaka 2022 kuwa ya kwanza katika orodha ya kompyuta kuu duniani kuvuka hesabu bilioni ya bilioni kwa sekunde, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inatoka kwenye kadi za michoro. Mwelekeo huo unashuka hadi kwenye laptopu, na katika miaka michache sura ya CUDA, au ya mrithi wake asiyefungwa kwa kampuni moja, itahama kutoka mwisho wa mtaala kuelekea katikati. Mtaala uandikwe kwa namna inayoruhusu kuhama huko bila kurudi kwenye baraza la chuo kila mara.

Kitu kinachokosekana, ambacho hakuna mchapishaji wa nje atakayetuandikia, ni kitabu cha mazoezi kwa Kiswahili kitakachoambatana na kitabu cha kiada. Kiwe chembamba. Kila zoezi liwe limepimwa kwenye mashine za maabara zetu, likiwa na jedwali la muda kwa uzi mmoja, nyuzi mbili na nyuzi nne, na maelezo ya kwa nini namba zimetoka hivyo. Napendekeza tuanze na mazoezi matatu: kihesabio kinachopoteza hesabu, ujumbe unaoganda, na matriksi yenye safu mlalo nane. Kila chuo kilichowakilishwa hapa kichague moja, kilipime muhula ujao, na kilete jedwali lake pamoja na msimbo. Mafundi wa maabara wahusishwe tangu mwanzo, na majina yao yawekwe kwenye kitabu.

Nimeacha karatasi pale mlangoni yenye nafasi ya jina la chuo, aina ya prosesa na idadi ya viini halisi. Tafadhali ijazeni mkitoka. Kwa sasa nayakaribisha maswali, na nitaanza na wale wa Grama.